Nani Alimnunua Peter Fossett?

Madalali walikuja kwetu Jumanne saa tatu asubuhi, nikiwa fomu tatu. Kodi ilikuwa imelala miezi minne. Walitoa televisheni, wakatoa kabati la vyombo, wakatoa meko, kisha wakabeba cherehani ya mathe, ile ya kukanyaga kwa mguu. Mathe alisimama kando ya mlango, mikono kifuani, hasemi kitu. Mmoja wa wale wanaume alikuwa na kijitabu. Kila kilichopita mlangoni alikiandika. Mpaka leo nakikumbuka kile kijitabu kuliko hata ile pikapu, kwa sababu kilijua jambo ambalo sisi wenyewe hatukulijua: vitu vyetu vinaenda wapi.

Miaka ikapita. Nikaingia chuo kikuu, nikatoka bila shahada kwa sababu karo haina huruma, nikaanza kuishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani insha zao mtandaoni. Ndiyo, kazi ile. Tusihukumiane. Usiku mmoja ikaingia oda ya kurasa nane kuhusu madeni ya Thomas Jefferson, na ilitakiwa kabla ya jua kuchomoza. Nilitarajia usiku wa kuchosha. Badala yake nikakutana na kijitabu kingine, na hicho kimenikaa kichwani tangu siku hiyo.

Jefferson huyu ni yule rais wa tatu wa Marekani, mtu aliyeandika Tangazo la Uhuru la mwaka 1776 na kusema humo kwamba binadamu wote wameumbwa sawa. Katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Alikaa juu ya kilima karibu na mji wa Charlottesville, jimbo la Virginia, katika nyumba aliyoichora mwenyewe na kuiita Monticello. Alipenda divai, vitabu, michoro na wageni, na vyote hivyo alivipenda kwa mkopo. Alipofariki tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu lile tangazo, aliacha deni la zaidi ya dola 107,000. Kwa wakati ule hilo lilikuwa deni la kuzamisha ukoo mzima.

Msimamizi wa mirathi alikuwa mjukuu wake, Thomas Jefferson Randolph. Januari 1827 akatoa tangazo gazetini: kutakuwa na mnada Monticello. Tangazo lilitaja mifugo, mazao, fanicha za nyumba na vyombo vya jikoni. Na mwanzoni kabisa mwa orodha hiyo, kabla ya ng'ombe na meza, lilitaja watu weusi 130 wenye thamani. Mnada ulianza tarehe 15 Januari, katikati ya baridi kali, ukachukua siku tano.

Hebu tulia hapo kidogo. Mnada mmoja, kilima kimoja, wiki moja. Asubuhi mtu ananunua seti ya vikombe, mchana ananunua msichana wa miaka kumi na kitu. Karani anaandika vyote viwili kwa wino uleule: jina la mnunuzi, kilichonunuliwa, bei. Karatasi za mauzo hayo zipo hadi leo. Ukizisoma, jambo la kwanza unaloliona ni jinsi zilivyo nadhifu.

Sasa, watu wamekuwa wakitafuta nani alinunua nini katika mnada ule kwa muda mrefu, lakini kwa miaka mingi walitafuta fanicha. Sababu yake ni hii. Familia ya Jefferson ilishindwa kuishikilia nyumba, ikaiuza mwaka 1831. Baadaye ikawa mikononi mwa Uriah Levy, ofisa wa jeshi la majini, na baada yake mpwa wake. Mwaka 1923 shirika la kumbukumbu ya Jefferson likainunua ili kuifanya jumba la makumbusho. Tatizo likawa kwamba nyumba ilikuwa tupu. Viti vya mzee vilikuwa vimesambaa nyumba za watu. Basi wataalamu wakarudi kwenye karatasi za mnada, wakafuata majina ya wanunuzi, wakafuata watoto wao na wajukuu wao, wakaanza kubisha hodi. Mwaka 1993, ilipotimia miaka 250 tangu Jefferson azaliwe, waliweza kufanya maonyesho ya vitu takriban 150 vilivyokuwa vyake, vingine vikirudi nyumbani kwa mara ya kwanza tangu siku zile za mnada.

Ufuatiliaji huo una utamu wake, sikatai. Chukua vitabu. Maktaba aliyoiacha Jefferson ilipigwa mnada kivyake mjini Washington mwaka 1829, na vitabu vikapotelea kwa wanunuzi. Miongoni mwa walionunua alikuwa Joseph Coolidge, mume wa mjukuu wake Ellen. Mwaka 2011 ndipo watafiti wa Monticello waligundua kwamba vitabu 74 kati ya hivyo vilikuwa vimekaa kwenye rafu za chuo kikuu kimoja mjini St. Louis tangu mwaka 1880, vimetolewa zawadi na ukoo wa Coolidge, na hakuna aliyejua vilikuwa vya nani. Walivitambuaje? Jefferson alikuwa na alama yake ya siri. Wachapaji wa zamani waliweka herufi ndogo chini ya kurasa fulani ili wasichanganye karatasi wakati wa kushona. Jefferson akifika palipo na herufi I, ambayo zamani ilitumika pia kama J, aliandika T mbele yake kwa kalamu. Akifika palipo na T, aliandika herufi ya pili ya jina lake. Hivyo kitabu chake kilibeba jina lake mahali ambapo mwizi asingefikiria kutazama.

Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu saa nane usiku. Kisha nikajiuliza swali ambalo halikuwa kwenye oda: na wale watu 130, je? Wao walikuwa na alama gani?

Hapo ndipo nilipokutana na Peter Fossett. Alikuwa na miaka 11 siku alipouzwa.

Baba yake, Joseph Fossett, alikuwa mfua vyuma wa Monticello. Mama yake, Edith, alikuwa mpishi mkuu. Edith alipelekwa Washington akiwa na miaka 15, Jefferson alipokuwa rais, akafunzwa upishi wa Kifaransa na mpishi Mfaransa katika jikoni la ikulu. Mwaka 1806 Joseph alitoroka Monticello akaenda Washington kumtafuta, akakamatwa na kurudishwa. Kwa hiyo tunaanza na mwanamume ambaye hata kabla ya mnada wowote alishajua kutafuta mtu wake.

Katika wosia wake Jefferson aliwaacha huru wanaume watano tu. Joseph alikuwa mmoja wao, lakini uhuru wake ungeanza mwaka mmoja baada ya kifo cha mzee, yaani Julai 1827. Mnada ulikuwa Januari. Fanya hesabu. Wosia haukumtaja mke wala watoto. Joseph alikuwa na miezi michache tu kabla ya kuwa mtu huru kisheria, akisimama kwenye ile baridi akiangalia Edith na watoto wao wakiitwa mmoja mmoja. Watoto wakubwa wakaenda kwa wanunuzi tofauti. Peter akachukuliwa na mtu aitwaye John R. Jones.

Edith na watoto wawili wadogo kabisa, karatasi zinasema, walinunuliwa na Jesse Scott. Msomaji mwenye haraka atapita jina hilo kama majina mengine. Lakini Jesse Scott alikuwa mtu huru asiye mzungu, mpiga fidla wa Charlottesville. Na mke wake, Sally, alikuwa dada yake Joseph kwa mama mmoja. Mama yao, Mary Hemings, alikuwa mtumwa wa Monticello hadi alipoomba mwenyewe auzwe kwa mfanyabiashara Thomas Bell, ambaye alikuwa akiishi naye na amezaa naye. Bell alipokufa aliwaachia Mary na watoto hao mali. Joseph, mwanawe mwingine, alikuwa amebaki kilimani. Miaka mingi baadaye, pesa za ile nyumba ya mjini zikapanda kilima kwenda kumwokoa mkwe na wajukuu wawili.

Kwenye karatasi ya karani, Jesse Scott ni mnunuzi wa watumwa. Uhalisia ni kwamba ni shemeji aliyekuja na hela za harambee.

Hili ndilo jambo lililonifanya niache ile oda nusu na kuanza kusoma kwa ajili yangu. Sisi tunadhani kufuatilia nani alinunua nini ni kazi ya wanahistoria wenye glavu nyeupe. Lakini watafiti wa kwanza wa mnada wa Monticello walikuwa pale pale kwenye ule umati. Ilikuwa lazima wajue. Yule mwanamume mwenye kofia amemchukua nani? Anakaa wapi? Ni umbali wa siku ngapi kwa miguu? Anauzika, yaani anaweza kukubali kurudisha mtu kwa bei? Kitabu kinaweza kungoja miaka 131 kwenye rafu na kisipungukiwe kitu. Mtoto wa miaka 11 hangoji.

Joseph alifanya kazi. Alikuwa na karakana yake, alipiga vyuma, akaweka akiba, akanunua. Hadi mwaka 1837 alikuwa amefikia mahali pa kusajili hati ya kuwaweka huru Edith, watoto wao watano na wajukuu wanne. Utauliza, kwa nini miaka kumi yote kama Edith alikuwa tayari mikononi mwa familia? Sheria ya Virginia ilisema mtumwa akiachwa huru ahame jimbo ndani ya mwaka mmoja, asipopata ruhusa maalum. Kwa hiyo watu walilazimika kumiliki wake zao na watoto wao kwa karatasi, ili waendelee kuishi pamoja. Hata upendo ulihitaji risiti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1840 akina Fossett walihamia Cincinnati, jimbo la Ohio, ambako utumwa haukuruhusiwa. Peter alibaki. Jones alikuwa amekubali kwamba baba akipata pesa atampa mwanawe. Pesa zilipopatikana, akakataa kumwachia.

Alama ya Peter, kama unataka kuiita hivyo, ilikuwa kusoma. Alikuwa amejifunza herufi akiwa mtoto pale Monticello. Kwa Jones akaendelea kwa siri, na usiku akawafundisha watumwa wenzake kwa mwanga wa vijiti vya msonobari. Jones alipomfumania na kitabu alimtishia viboko. Peter akaenda mbali zaidi: akaanza kuandika pasi za kughushi, zile karatasi zilizothibitisha kwamba mtu mweusi aliyekutwa njiani ni huru. Dada yake Isabella, aliyeuzwa kwenye mnada uleule akiwa na miaka minane tu, alitoroka kwa pasi iliyoandikwa na kaka yake, akafika Boston. Fikiria hilo. Kalamu ya karani mmoja iliwatenganisha. Kalamu ya Peter ikamtoa mmoja wao.

Yeye mwenyewe alitoroka, akakamatwa. Akatoroka tena, akakamatwa tena. Karibu mwaka 1850 akapandishwa mnadani kwa mara ya pili, safari hii mjini Richmond. Ila safari hii jamaa na marafiki walikuwa wamejipanga, wakamnunua, wakamwacha huru. Akaenda Cincinnati kwa wazazi wake. Huko akawa mpishi wa sherehe za watu wakubwa, kazi ya mamake, kisha akawa mchungaji wa kanisa la Baptisti, na akashirikiana na Levi Coffin kuwaficha na kuwasafirisha watu waliokuwa wakitoroka utumwa. Mwaka 1898, akiwa mzee, aliliambia gazeti moja la New York kwamba alilelewa pale kilimani bila kujua kuwa ni mtumwa, mpaka ghafla, Jefferson alipokufa, akajikuta akiuzwa kwa watu asiowajua. Mwaka 1900 waumini wake walimsaidia kusafiri hadi Monticello. Akaingia kwa mlango wa mbele. Mwaka uliofuata akafariki.

Peter hakuwa peke yake aliyeweka kumbukumbu. Israel Gillette, mtumishi wa ndani pale Monticello, aliuzwa kwa dola 500 kwa wakili kijana, Thomas Walker Gilmer, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Virginia. Israel alijinunua mwenyewe kutoka kwake. Alipokwenda kuchukua karatasi zake za uhuru, karani wa mahakama akamshauri atumie jina Jefferson kwa kuwa alizaliwa kilimani, na hivyo ndivyo alivyoingia Ohio, Israel Jefferson. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe alirudi kutazama. Akamkuta yule mjukuu, Randolph, msimamizi wa mnada, amekuwa mzee, ameishiwa. Mifugo yote imekwisha. Israel anasema alibaki na nyumbu mmoja mkongwe, kipofu.

Masimulizi ya Israel yalichapishwa kwenye gazeti dogo la Ohio mwaka 1873. Mwaka huo una uzito kwetu pia. Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Miaka miwili baadaye wamisionari wakaanzisha Frere Town nje kidogo ya kisiwa cha Mombasa, makazi ya watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Ukivuka daraja la Nyali leo makanga atakuitia Kengeleni, na ile kengele inayotajwa ni yao. Nimeshuka pale mara nyingi kununua viazi karai na sijawahi kusimama kuisikiliza hiyo kengele kichwani. Vitukuu vya watu wale wapo miongoni mwetu. Baadhi yao wana jina la ubatizo na jina la meli iliyowaokoa wazee wao, lakini kijiji walichochukuliwa hakipo kwenye karatasi yoyote. Ndiyo maana nasema zile karatasi za Virginia ni kitu cha ajabu. Ziliandikwa ili madeni yalipwe, hakuna aliyemfikiria Peter atakayetafutwa baadaye. Lakini jina likishaandikwa, hata na adui, mtu anaweza kulifuata.

Na wapo waliolifuata. Mwaka uleule wa 1993, wakati viti vinarudi Monticello kwa maonyesho, wanahistoria Lucia Stanton na Dianne Swann-Wright walianzisha mradi wa kuwatafuta wazao wa watumwa wa kilima kile. Wakaanza na karatasi za mnada na daftari ambamo Jefferson aliandika tarehe za kuzaliwa kwa watumwa wake. Wakaongeza hati za mahakama, sensa, makaburi. Kisha wakafanya kitu ambacho hakihitaji kwa kiti: wakakaa sebuleni mwa watu, wakauliza, nyanya yako alikuwa akisema nini? Zaidi ya watu 100 wamehojiwa. Wengi walikuwa wanajua tayari. Jina lilikuwa limepita jikoni kwa jikoni, kutoka kwa mama hadi kwa binti, miaka karibu 170, likingoja tu mtu wa kuuliza.

Mnada wenyewe haukumaliza deni. Januari 1829 watu wengine 33 wa Monticello waliuzwa mjini Charlottesville, na bado Randolph aliendelea kulipa kwa miaka mingi. Nalitaja hili kwa sababu mnada siku zote hujitetea kwa hesabu. Watu wanauzwa ili hesabu ifungwe, na hesabu inakataa kufungwa.

Ile oda niliikabidhi saa moja na nusu ikiwa imechelewa, na nikakatwa pesa. Haikuwa na Peter ndani. Mteja alitaka madeni, nikampa madeni.

Wikendi iliyofuata nilienda kwa mathe. Najua vizuri kwamba cherehani ni cherehani; hakuna aliyelia chini ya mvua akiitwa bei. Sikuenda kulinganisha. Ila lile swali lilikuwa limenishika, na kuna kitu nilikuwa nimemficha kwa miaka mitatu. Nilikuwa nimeiona cherehani yetu. Ipo sokoni, kwenye kibanda cha fundi mmoja wa sare za shule, na bado ina ule mkwaruzo kwenye meza yake nilioutengeneza kwa msumari nikiwa mdogo. Nilikuwa nimeogopa kumwambia.

Nikamwambia. Mathe akaendelea kuchambua mchele.

"Kwa Baba Shiro," akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua siku hiyohiyo. Si nilimfuata yule wa kijitabu hadi kwenye pikapu, nikamwuliza wanauzia wapi. Jumamosi nikaenda kusimama nyuma nikaangalia nani anachukua." Akapuliza makapi. "Huwa napita pale nikitoka kanisani. Naangalia tu kama anaitia mafuta."